Bruno wa Jumatatu Hadi Ijumaa

Jumatatu, 9 Oktoba 2023

Mahojiano leo. Tulikuwa watatu mezani: Shema, mkurugenzi wetu mpya kutoka Kigali, mzee Protais wa ghala, na mimi wa idara ya wafanyakazi. Tunatafuta mtaalamu wa ile programu kubwa itakayobeba kiwanda kizima — mpunga unaoingia, ghala, mashine ya kukoboa, mchele unaotoka. Hakuna kati yetu anayeijua. Maswali tuliyasoma kwenye karatasi. Majibu hatukuwa nayo, basi tuligawa alama kwa kuangalia nyuso.

Wa kwanza Uwamwezi, binti kutoka Giheke, kaifanya kazi hii miaka minne. Kila swali anajibu: inategemea. Shema akamuuliza kama atamaliza kabla ya Noeli. Akasema hapana, anataka wiki tatu za kujaribu na mpunga wa uongo kabla ya kugusa wa kweli. Mpunga wa uongo! Protais alicheka mpaka akakohoa. Nilimpa sita.

Wa pili Ntabaza, wa Bukavu. Kwake kila kitu kinawezekana.

"Mbele ya Noeli, Patron? Bila shida."

Ukurasa wa pili wa CV yake, mdhamini: Bruno, mkuu wa informatique, yaani kompyuta, kampuni ya vinywaji, Bukavu. Namba ile ile ya simu. Mume wangu.

Shema anajua mimi ni mjane, hajui wa nani. Nilipaswa kutaja pale pale na kutoka mezani. Kanuni hiyo nimeifundisha mwenyewe, ubaoni, kwa kalamu ya bluu. Badala yake nikamuuliza: huyu Bruno alikuwa mtu wa namna gani?

"Ah, Maman! Serveur, ile kompyuta kubwa, ikikufa batu bote banapiga kelele. Ye anaimbaka. Nyimbo za kanisa, polepole, na suruali amekunja mpaka kwa magoti juu ya joto."

Sikujua hilo. Nilimpa tisa.

Jumatano, 11 Oktoba

Fomu ya kuajiri. Mdhamini amefikiwa? Nimeandika: Ndiyo. Maoni yake? Nimeandika: Anamsifu sana.

Bruno amekufa tangu Agosti mwaka jana. Moyo. Ofisini kwake, Jumatano, saa nne asubuhi.

Mwandiko mzuri kabisa. Nikaenda kula.

Ningeweza kumwuliza Charlotte. Alikuwa mapokezi kwenye kampuni ya Bruno, sasa anauza vitenge sokoni Kamembe, dakika kumi kwa mguu kutoka kwangu. Sikwenda. Shema ana haraka, mimi sina nguvu. Hivyo ndivyo tulivyoajiri.

Jumatatu, 23 Oktoba

Ntabaza ameanza kazi. Viatu vinang'aa, kompyuta mbili. Wasichana wa mapokezi wamefurahi.

Miaka kumi na moja Bruno alivuka mpaka kwenda Bukavu Jumatatu asubuhi, akarudi Ijumaa jioni. Wangu alikuwa wa Jumamosi: amechoka, amenyamaza, ananyoa ndevu karibu na dirisha. Siku tano za kila wiki walikuwa nazo watu wengine. Sasa mmoja wao yuko chumba cha pili.

Alhamisi, 16 Novemba

Kila siku saa sita anakuja na chai, ananipa kisa kimoja cha Bruno. Leo: Bruno alikuwa anaficha mkate ndani ya droo ya karatasi za printa ili mkurugenzi asiuone. Jana: aligombana na mlinzi wiki nzima juu ya redio, halafu akamnunulia redio nyingine.

Sina namna ya kupima. Nakunywa chai, nasikiliza.

Nimemwambia leo kwamba ni mume wangu, na kwamba amekufa. Aliweka kikombe chini.

"Kufa nilisikiaka, Maman. Kama ni bwana yako, ile sikujua. Pole sana."

Basi aliandika jina la marehemu akijua ni marehemu. Mdhamini asiyeweza kushika simu. Ningepaswa kukasirika. Niliuliza kama chai imebaki.

Jumatatu, 4 Desemba

Programu imewashwa. Tumekunywa Fanta. Shema ametoa hotuba.

Protais aliuliza nani ameijaribu. Ntabaza akamjibu kwamba tutajaribu tukiwa ndani. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Jumanne, 9 Januari 2024

Mbegu imekobolewa.

Niandike vizuri. Ntabaza alipohamisha orodha za ghala kuingia kwenye programu, stoo namba mbili na namba tatu zilibadilishana. Mbili ni mpunga wa kula. Tatu ni mbegu ya msimu, ya wakulima wote wa bonde. Jana skrini ilimwagiza Protais apeleke stoo namba tatu mashineni. Magunia mia sita. Leo asubuhi ni mchele mweupe, mzuri, hauwezi kuota tena. Wakulima wameshalainisha vitalu, walikuwa waje Jumatatu kuchukua.

Shema amemsimamisha Protais kazi. Miaka kumi na tisa! Mzee alisimama ofisini kwangu na kofia mkononi.

"Nilimupigia Ntabaza telefone, Maman. Nikamuambia ile ni mbegu. Akanijibu: Mzee, fuata yenye écran inakuambia."

Nikamwambia aketi. Hakuketi.

Jumatano, 10 Januari

Shema anataka ripoti Ijumaa saa nne: huyu Ntabaza alitufikiaje? Kama uajiri ulikuwa safi, kosa ni la ghala na Protais anaondoka. Alisema hivyo bila kupepesa macho. Kisha akauliza mdhamini alisema nini hasa.

Nikasema alimsifu.

"Mpigie tena."

Nikasema sawa. Mpigie tena!

Mtu kamili angelia leo. Mimi nilipanga mafaili. Nikifukuzwa kazi nitarudi nyumbani, nitapika, basi. Wakulima nawaonea huruma kwa kichwa tu, kama mtu anayesoma habari. Kitu kimoja ndicho kinaniuma, na aibu ninayo kukiandika: kama Ntabaza alidanganya juu ya kazi, basi na nyimbo alidanganya. Na mkate. Na redio. Nitakuwa nimempa kiwanda bure, kwa Bruno wa kubuni.

Alhamisi, 11 Januari

Nimekwenda sokoni. Miezi mitatu nimechelewa.

Charlotte alikuwa anakunja vitenge. Nikamwonyesha picha ya Ntabaza kwenye simu. Akacheka kwa sauti.

"Huyu? Alikuwa anatengenezaka photocopieuse, mashine ya kutoa kopi! Informatique? Wapi! Hata mot de passe ya kufungua kompyuta habakumupatiaka."

Nikasema asante, nikageuka. Akanishika mkono.

"Lakini Bruno alimupenda sana, Maman Védastine. Kula pamoja, kila siku. Na ile siku... haujui? Ni Ntabaza alimubeba mu mikono mpaka ku motokari. Balikuwa babili tu kule nyuma. Bruno alikuwa anasema naye mu njia yote."

Anasema naye. Mimi niliambiwa alikufa papo hapo. Ofisini.

Nimerudi kwa miguu. Nimepita nyumbani nikaendelea mbele, ikabidi nigeuke.

Basi hadithi ni za kweli. Kazi ni ya uongo. Ningefurahi ingekuwa kinyume? Sijui. Nina hasira. Ni mara ya kwanza tangu Agosti ile, na siwezi hata kusema ni juu ya nani.

Ijumaa, 12 Januari

Saa tatu na nusu, ofisini.

Ripoti imekwisha. Mistari minne. Mdhamini alikuwa marehemu mume wangu. Sikupiga simu yoyote. Mtaalamu halisi alikuwa Uwamwezi, tukamnyima kazi kwa sababu alisema ukweli kuhusu asichojua na muda anaohitaji. Protais alionya kabla ya kukoboa, hana kosa. Nimesaini.

Protais amekaa kwenye benchi nje, na suti yake ya kanisani.

Saa nne kasorobo. Ntabaza ameingia bila chai. Nilimwambia nimeonana na Charlotte, na kwamba najua kuhusu motokari. Alikaa. Akaangalia viatu vyake kwa muda.

"Sikuweza kukuambia, Maman. Ningeanza na ile, ungeniuliza nilikuwa na kazi gani pale." Halafu: "Ukiandika ukweli, leo leo ninavuka, sitarudi. Ukiandika ingine, tuko na wakati. Bruno alisema mengi. Haiishe mu dakika kumi."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo gumu. Ana machozi, mimi sina.

Yuko mbele yangu sasa hivi, anangoja. Ananiona naandika, anadhani ndiyo ripoti, anadhani bado naamua. Ripoti iko chini ya daftari hili. Sijamwambia. Nimemwambia tu aanze.

Anasema waliweka koti la mtu chini ya kichwa chake. Anasema Bruno aliuliza leo ni siku gani. Yeye akamjibu Jumatano. Bruno akasema basi bado siku mbili.

Shema anagonga. Nimesema kwa sauti kubwa: dakika tano. Ntabaza amesita, ananitazama. Endelea, nimemwambia. Kupitia dirishani naona Protais amesimama, anadhani ameitwa.