Kikao cha Kutafuta Kosa Lako

Vulamba, Butembo
12 Machi 2023

Mpendwa mdogo wangu Élysée,

Wavukire. Umelalaje, umeamkaje, na baridi ya Denmaki imekuachia masikio? Sisi tuko wazima. Goti la Mama limepoa, viazi vya Masereka vimekubali mwaka huu, na mimi dada yako nimenenepa kidogo, usicheke. Nakuandikia kwa mkono makusudi, ili usinijibu kwa maneno mawili.

Maana hayo maneno mawili yako yalitaka kutuua. Unakumbuka ile barua pepe ndefu ya mwezi wa kwanza? Mama alisema, mimi nikaandika kwenye simu: salamu, habari za majirani, kwaya ya parokia, mbuzi aliyezaa mapacha, na mwisho kabisa ndipo akauliza kama utakuja Pasaka. Ukajibu: «Nimepata. Sitaweza. É.»

«Soma yote,» Mama akaniambia.

«Ni yote, mama.»

«Shuka chini. Salamu iko chini.»

Nikashuka mpaka pakawa peupe. Mama akaichukua simu, akashuka tena mwenyewe. Majibu yako yaliyofuata yakawa vilevile, bila hata «Mama, habari», naye akaamini umekata undugu nasi. Jina lako likatoka kwenye sala ya jioni, kwa sababu kila akilitaja sauti ilimkatika.

Nilitaka kukupigia. Baba mdogo Apollinaire akakataza kabisa: mtu mwenye hasira haulizwi kwa simu. Kwanza ndugu wakae, watafute walichomkosea, ndipo wamwendee kuomba msamaha. Basi akaja kutoka Masereka, na Jumapili baada ya misa tukakaa kikao, kila mmoja aseme kosa lake kwako.

Ee ndugu yangu! Sadrack, huyu kaka yetu mpole, akakiri kwamba sungura wako hawakuibiwa, aliwala yeye. Shangazi Emérence alikuwa amesali novena nzima ili uachane na yule msichana wa Eringeti. Baba mdogo mwenyewe akasema zile fimbo ulizopigwa kwa ajili ya mbuzi waliopotea hazikuwa zako, yeye ndiye aliyesahau kufunga zizi. Nilikuwa nimeuma midomo nisicheke, mpaka ikafika zamu ya Mama. Akasema kosa lake ni kukubali uondoke.

Wakati huo akaingia Séphora, binti wa shangazi, aliyechelewa njiani kutoka Beni. Unajua anafanya kazi huko kwenye ofisi ya wazungu. Alipoelezwa tunalilia nini, akatoa simu akatusomea barua za mkubwa wake, mtu wa hukohuko Denmaki: «Séphora, ripoti.» Nyingine: «Sawa. K.» Zote bila salamu.

«Na anakupendaka huyo?» Mama akauliza.

«Sana, mama. Siku nilizaa, alitangulia ku hôpital mbele ya bwana yangu.»

«Donc haiko na kasirani?»

«Hapana, mama. Kwao salamu mingi ni kupotezea mutu wakati. Ile ni heshima yao.»

Mama akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Mimi nikalia kwa furaha, mbele ya watu wote, wala sikuona haya. Jioni hiyo jina lako likarudi kwenye sala, likatajwa kabla hata ya Baba Mtakatifu.

Kwa hiyo wenzako wa ofisini waandikie unavyotaka. Lakini kwa Mama, yeye mwenyewe amesema, «asiingiye bila kupiga hodi.»

Wanakusalimu baba mdogo, shangazi, Séphora na mtoto wake Jokébed, na Sadrack, ambaye bado ana aibu ya sungura. Mungu akutunze katika theluji hiyo, akurudishe kwetu ukiwa na afya na tumbo la kutosha kwa ugali.

Jambo la mwisho. Mama ameipenda hiyo desturi ya huko na anataka kuijaribu. Siku ukipata barua pepe imeandikwa «Nimepata. Mama.», tafadhali usiite kikao. Anakupenda.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa maneno mengi,

Masika