Petroli Haina Kosa

Ijumaa, 1 Mei

Limefika! Mwalimu ameliingiza uani saa kumi jioni, polepole, taa zinawaka mchana kweupe. Honi hakupiga. Hapigi honi bila sababu ya kisheria.

Gari la spoti, jekundu, milango miwili. Chini hivi! Nimesimama kando yake, paa halinifiki begani. Mama mkwe ametoka na mkongojo wake, akalizunguka, akauliza: viti viwili, na nyumba hii ina watu watatu, nani anabaki? Halafu akasema limechuchumaa kama chura. Basi jina limepatikana. Chura.

Miaka thelathini mume wangu anafundisha watu udereva, kwenye Kongwe, gari letu kuukuu lile lenye breki ya pili upande wa mwalimu. Miaka thelathini anakaa kiti cha abiria, anaokoa roho za watu. Watoto wamesoma, wameoa na kuolewa. Akasema sasa ni zamu yake. Sikumpinga. Nilinuna siku mbili tu, kwa heshima ya ndoa.

Ila mdomo huponza kichwa. Mama aliuliza, hili linakula mafuta kiasi gani? Mwalimu, kwa ile furaha yake, hakuna aliyemlazimisha: "Mama, likila kuliko Kongwe, mwisho wa mwezi naliuza. Haki ya Mungu!"

Mama akasema, nimesikia. Na Mama akisema amesikia, ujue amesikia.

Jumatatu, 4 Mei

Amenitembeza na Chura. Lo!

Mikono miwili kwenye usukani. Kioo, kiashiria, kioo tena. Nguvu za farasi mia nne zile, na tumepitwa na baiskeli. Mwenye baiskeli alikuwa amebeba godoro! Nikamuuliza, baba, mbona hukanyagi? Akasema mwendo ni nidhamu. Ukitaka gari lisile mafuta, kanyaga kama kuna yai chini ya kiatu. Maneno haya nayajua. Ndiye aliyenifundisha kuendesha, zamani zile, mimi nikiwa mkunga mpya na yeye akiwa na nywele. Mpaka leo huwaambia watu mimi ndiye mwanafunzi wake bora.

Ameweka petroli ya kawaida, ile ile ya Kongwe. Kwenye kilima cha sokoni injini ikaanza: ko-ko-ko, ko-ko-ko, kama mtu anabisha hodi ndani ya boneti. Mwalimu akazima redio, akasikiliza. Kisha akaiwasha tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Jumatano, 6 Mei

Nimegundua mimi! Nilikuwa nafuta vumbi, nikafungua kile kifuniko cha nje cha tangi. Kimeandikwa upande wa ndani: petroli ya oktani tisini na tano au zaidi, yaani ile ya daraja la juu. Mimi husoma lebo za dawa siku nzima, jicho halipiti maandishi. Mwalimu, ambaye humfelisha mtu kwa kutosoma kibao kimoja cha barabarani, hakuwa amekisoma. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, baadaye kidogo.

Tukampigia fundi. Akasema injini kama hiyo inabana hewa na mafuta sana, ukiipa petroli dhaifu inawaka kabla ya wakati wake, ndiyo hodi ile. Kompyuta ikisikia hodi inaizuia injini, nguvu zinapungua, na mafuta yanaliwa zaidi. Kumbe rahisi ni ghali. Kuanzia leo ni ile petroli ya juu tu.

Na jioni amejaza ile ya juu kwenye Kongwe pia! Eti haki sawa kwa wote. Fundi alimwambia kwa simu ni sawa na kumvalisha punda viatu vya ngozi, hatakimbia zaidi.

Ijumaa, 8 Mei

Kongwe lina wanafunzi leo, mvua inanyesha, kliniki haingoji. Mwalimu kaninyooshea ufunguo wa Chura mwenyewe. Kama nilivyokufundisha, akasema. Ndiyo, Mwalimu.

Mpaka kutoka mjini nilikuwa mwanafunzi bora kweli. Halafu barabara mpya ya nje ya mji. Pana, tupu, mvua imekatika, lami imekauka. Nikakanyaga. Kidogo tu!

Yesu na Maria.

Kibao kinasema mia moja na mimi nilikaa mia moja, sikuvuka hata nukta. Sheria naiheshimu. Ila ile safari ya kutoka sifuri kwenda mia! Mgongo umegandama kitini, tumbo limebaki nyuma, na nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu. Bahati nzuri kuna mizunguko njiani, ile ya kwenye makutano. Kila mzunguko unapunguza mwendo kabisa, halafu unaanza upya. Nimeanza upya kila mahali palipoanzika.

Nesi wa mapokezi ameniuliza mbona uso unang'aa. Nimesema nimepaka mafuta.

Jumanne, 12 Mei

Leo nilimpeleka Mama mazoezi ya magoti. Kumwingiza ndani ya Chura ni kazi: anza na makalio, halafu mguu, halafu mguu, halafu mkongojo. Njiani ananilalamikia: mwanangu ananibeba kama trei ya mayai, mimi si mgonjwa, ni magoti tu.

Tukafika barabara mpya. Akauliza, na hiki chura chenu kinajua kuruka? Nikasema sijui, Mama. Akanitazama.

"Hujui, au hutaki kuniambia?"

Nikakanyaga. Kilemba kikarudi nyuma. Hakusema neno mpaka mzunguko wa pili, nikaogopa, nikasema moyoni nimemuua mama wa watu. Kumbe anapanga kilemba. Akakifunga upya kwa nguvu, mafundo mawili.

"Rudia."

Huyu mama ana miaka themanini na moja. Tumekubaliana haya ni ya kwetu wawili.

Alhamisi, 14 Mei

Matatizo. Kuna kioo kidogo mbele ya dereva kinachosema gari limekula lita ngapi kwa kilomita mia. Mwalimu akiendesha mwenyewe, kumi. Kongwe na wanafunzi wake wanaozimisha injini kila kona, kumi na moja. Kwa hiyo Chura anashinda, na Mwalimu alikuwa amekwisha anza kujigamba kwa majirani.

Leo asubuhi kachungulia: kumi na sita!

Akanawa uso, akarudi kuangalia. Kumi na sita. Uamuzi wake: petroli imechanganywa maji. Amehama kituo cha mafuta, sasa anakwenda cha ng'ambo ya mji. Na anajaza alfajiri tu, kwa sababu petroli ya baridi imeshikana vizuri. Mapazia ameyajaza... hee, nimeandika nini, nimechoka! Matairi. Matairi ameyajaza upepo. Ametoa mazulia ya chini kupunguza uzito. Amezima kiyoyozi. Amemwomba Mama awe anaacha mkoba nyumbani.

Mama akasema, mimi nitapunguza mkoba, wewe punguza maneno.

Nilikuwa naosha vyombo. Sikugeuka.

Jumapili, 17 Mei

Nimeazimia. Kesho naendesha kama yai liko chini ya kiatu, kwenda na kurudi. Mume wangu analipenda lile gari. Mimi si mtoto.

Jumatatu, 18 Mei

Nilifika mpaka mzunguko wa kwanza.

Jumatano, 20 Mei

Tumekwenda kujaza pamoja, kwenye kile kituo kipya cha ng'ambo. Mwalimu kamhoji dada wa pampu kama askari. Tangi la chini lilisafishwa lini? Maji hayaingii? Una hakika hii ndiyo ile ya juu? Dada ana subira. Akajibu yote, akampimia petroli kwenye chupa ya kioo, akaiinua juani: safi, hakuna maji.

Halafu akasema, baba, petroli ni ile ile. Labda ni mguu.

Nikakohoa. Yule dada ananijua! Juzi nilijaza kwake peke yangu, na namna nilivyotoka pale, nadhani karatasi zake zote zilipeperuka. Akanitazama, akatazama pampu yake. Mungu ambariki.

Mwalimu akacheka. Mguu gani? Gari hili tunaendesha wawili tu, dada yangu, na huyu mke wangu nilimfundisha mwenyewe. Akanishika bega alipokuwa anasema.

Njia nzima nilitazama nje ya dirisha. Nimejisikia vibaya. Vibaya hasa.

Jumamosi, 23 Mei

Amesema. Baada ya chakula cha mchana, amesimama kabisa, kama mtu anayetoa hotuba. Kila alichojua amefanya. Petroli ya juu, vituo viwili, upepo, mazulia. Bado kumi na sita, jana kumi na saba. Aliapa mbele ya mama yake, na mtu mzima hali matapishi yake. Amepata mnunuzi, mwenye duka la samani. Anakuja Jumamosi ijayo.

Mimi na Mama tukatazama sahani.

Alipotoka nje Mama akanifuata jikoni. Mwambie. Nikasema, Mama, mwambie wewe, wewe ni mama yake. Akasema wewe ndiye uliyekanyaga. Nikasema wewe ndiye uliyesema rudia! Tumenong'onezana kwa ukali mpaka chai ikafurika jikoni. Hatukukubaliana.

Kinachonichoma ni hiki. Mwanzoni nilitaka liuzwe, sikatai. Nilihesabu wiki. Sasa nataka libaki, tena si kwa ajili yake tu. Nalitaka mimi! Na ni mguu wangu unaolifukuza nyumbani.

Jumanne, 26 Mei

Nilijaribu. Tulikuwa tumekaa barazani, nikaanza: baba, kuna jambo. Akanikatiza, akasema anajua ninachotaka kusema, kwamba nisijali. Kisha akanishukuru. Eti kwa uangalifu wangu. Eti wengine wangepewa gari kama lile wangelichezea.

Nikasema, chai imepoa, nikupashie?

Mwoga mkubwa mimi. Nimezalisha mapacha gizani kwa tochi ya simu, na hili limenishinda.

Ijumaa, 29 Mei

Nimejaza tangi la Chura, ile petroli ya juu, mpaka pomoni. Sijui kwa nini. Gari likienda kwa watu liende limeshiba, labda. Njia ya kurudi nimeendesha kwa yai. Safari hii nimeweza, kwa sababu machozi yalikuwa yananizuia kuona.

Jumamosi, 30 Mei

Naandika mezani, sebuleni, mchana. Mnunuzi amekaa mbele yangu. Nadhani anafikiri naandika hati ya mauzo.

Ni mtu mzuri, mnene, mpole. Alikuja mapema. Mama akamkaribisha chai. Mwalimu alikuwa nje, anafuta kioo cha mbele. Kioo kile kile, upande ule ule, muda mrefu. Nikamwona kupitia dirishani. Basi nikaweka birika chini, nikatoka.

Nikasema: "Petroli haina kosa."

Hakuelewa. Nikamwambia yote. Barabara mpya, mizunguko, kuanza upya. Mama na kilemba. Nimesema haraka haraka, macho chini, kama mwanafunzi aliyegonga nguzo. Nikamwambia nimemwonea, na nimeona raha, na vyote viwili ni kweli. Kitambaa kimesimama kwenye kioo. Nikangoja anipigie kelele. Miaka yote ya ndoa hajawahi, nikajua leo ndiyo leo.

Akashusha kitambaa. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, kama anauliza jambo la aibu:

"Linakwendaje?"

Nikamtazama. Mwezi mzima! Analiosha, analipima, analifunika usiku, na hajui. Hajawahi kulikanyaga hata mara moja. Nilijisikia kulia na kucheka pamoja.

Nikamwambia: nenda kaone mwenyewe.

Akasema mgeni yuko ndani, anasubiri. Nikasema mgeni ana chai. Akasema ameapa. Hapo Mama akapaza sauti kutoka dirishani, kumbe alikuwa anasikiliza muda wote: kiapo uliniapia mimi, na mimi sijaulizwa! Nenda!

Akaingia. Akafunga mkanda. Akarekebisha kioo cha ndani, kioo cha kushoto, kioo cha kulia. Akawasha kiashiria, ndani ya uwanja wetu wenyewe. Akatoka getini taratibu, kama siku zote, mpaka mwisho wa mtaa, akasimama kabisa kwenye kibao. Nikafikiri, basi, huyu hawezi.

Dakika chache baadaye, kutoka upande wa barabara mpya, ile sauti.

Majirani wametoka nje. Mbwa wa nyumba ya pili amekimbilia ndani. Sauti ikapanda, ikashuka, huo ni mzunguko wa kwanza, ikapanda tena, na mimi getini nimeshika mdomo kwa mikono miwili.

Hiyo ilikuwa zamani kidogo. Nimerudi ndani, nimekaa, naandika ili mikono ipate kazi. Kwa mbali bado inasikika, kila ikififia inaanza upya. Mnunuzi amemaliza chai. Ameuliza kwa adabu, mwenye gari anarudi saa ngapi?

Mama kanigeukia. "Mwanangu, tangi lina kiasi gani?"

Nimesema nilijaza jana. Mpaka pomoni.

"Basi," Mama kamwambia mgeni, "vua viatu, baba, upumzike."

Amecheka, akidhani ni mzaha. Ametutazama, mimi, Mama, mimi tena. Sasa ameinama, anafungua kamba.