Mwalimu Mize na Mizani Zake za Vifuu

Mwaka umetimia, Mwalimu Mize Suleimani, tangu ulipotutoka wakati wa likizo tukakulaza hapa Ndagoni, jirani na mama.

Waliokujua kazini husema ulikuwa mpole. Sisi wa nyumbani tunajua ulikuwa mkali, hasa mtu akikugusia vifuu vyako. Mizani ya darasani ilitaka vifuu viwili vinavyolingana, na upande wenye macho hukuutaka, maana huvuja. Basi chungu cha nazi moja kikavunjiwa nazi mbili. Mchuzi wako ukawa na tui zito kupita nyumba zote, majirani wakidhani ni ukarimu. Ukarimu nao ulikuwapo.

Kaka yako Mfaume, fundi wa vitanda aliyeacha shule mapema, ndiye aliyekuchongea miti ya mita. Mistari na namba uliandika mwenyewe. Ukiona mstari umekwenda upande, unauparuza mti wote kwa kigae cha chupa na kuanza upya, chai inapoa.

Shule ilipofungwa ulivileta vyote nyumbani ndani ya sanduku ili kuvitengeneza. Hukuwahi kuvirudisha. Mumeo Sudi akalisukuma sanduku uvunguni, akawa analala juu yake.

Siku ya hitima yako alikuja Mwalimu Benedicta, mliyefundisha naye darasa la pili.

“Shemeji,” alimwambia Sudi, “watoto wanaisoma mita ubaoni tu. Hawajaishika.”

“Nitawatafutia rula dukani.”

“Na mizani?”

Mfaume akamgeukia Sudi. “Shemeji, wewe unapima nini humo chumbani? Tumbo?”

Watu wakacheka. Sudi hakucheka. “Mwandiko wake ndio huo uliobaki. Watoto wakiushika, utafutika.”

Mfaume alikuwa na mzaha mwingine, ukamkauka mdomoni. Yeye mwenyewe tangu uondoke hajachonga mti wa mita hata mmoja. Akishika randa, mkono unakataa.

Ni binti yako Warda aliyesema, akiwa bado anakusanya sahani. “Baba, mama aliandika ili washike.”

Kesho yake Sudi alilipakata sanduku nyuma ya pikipiki ya Mfaume mpaka shuleni. Alikataa kupokewa.

Juzi Sudi na Mfaume walipita shuleni kuangalia. Kifuu kimoja kimepasuka, watoto wamekifunga kwa uzi. Namba zako zimeanza kufifia pale wanapokamata. Sudi aliuchukua mti mmoja, akaupitishia kidole taratibu toka mwanzo hadi mwisho, kisha akampa mwanafunzi aliyekuwa akiungoja. Jioni ile Mfaume alinoa randa.

Unakumbukwa na mumeo Sudi, binti yako Warda, kaka yako Mfaume na mkewe Somoe, shangazi yako Biubwa wa Kilindoni, Mwalimu Benedicta na watoto wa darasa la pili.

Mola akurehemu, Mize. Maisha yetu yote hatutakusahau.