Tela Langu Linavuja, na Mwenye Dawa ni Shemeji

Dada mshauri, salamu, na pole kwa kazi ya kubeba mizigo ya watu, leo nakuletea wangu, nisaidie kuushusha maana mabega yamechoka.

Mimi ni mtu wa makamo, shule niliiachia darasa la sita lakini mikono yangu ina digrii, nimewahi kuteremsha lori lisilo na breki milima saba huku namenya chungwa, waulize wapwa zangu, na miaka ishirini na mbili nimekuwa nikimwambia mke wangu ipo siku nitampeleka ziwani tukapige kambi, yeye anafua mashuka ya hospitali, hajawahi kwenda popote, basi mwaka huu nikasema liwalo na liwe, nikachukua ekseli ya gari bovu nikaunda tela lenye chumba cha plaiwudi, kitanda ndani, dirisha, rafu ya vyombo, hadi msumari wa kutundikia kofia, watu wakasimama barabarani kulitazama, mmoja alitumbukia mtaroni kwa kushangaa, sikudanganyi.

Kosa likaja kwenye rangi. Nilikuwa na ndoo ya rangi ya ukutani iliyobaki tulipopaka sebule, nikapaka hiyo hiyo, mikono mitatu, na mke wangu alipouliza nikamwambia hii ni rangi ya meli, maji yakiiona yanageuza njia. Ikanyesha siku mbili. Plaiwudi ikavimba kingo zote, pale mlangoni ikaachana tabaka kwa tabaka kama kitunguu, na godoro jipya alilonunua yeye likalowa chapachapa. Hakunigombeza, dada, na hilo ndilo linaloninyima raha. Alilitoa godoro akalianika uani, akakaa kwenye ngazi, akasema, "Baba watoto, kama hatuendi sema tu. Nimeshazoea."

Likizo yake inaanza baada ya wiki tatu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ananiambia nipake lami ya paa. Fundi wa bodi za malori anasema nipigilie mabati. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kazi yake ni kutengeneza mashua na matangi ya faiba, na nasikia alimwambia dada yake kwamba dawa anayo. Lakini kwa huyo siendi, kwa sababu kwenye harusi ya binti yangu nilishika kipaza sauti nikawaambia watu mia tatu kwamba ufundi ule nilimfundisha mimi, naye akainamisha kichwa akaendelea kula. Sasa mwalimu aende kumwuliza nini mwanafunzi? Nikatie shauri wewe: lami au mabati?

Ni mimi, Mjomba Tela

MSHAURI ANAJIBU

Mjomba Tela, pole. Mkeo mpe pole yangu mara mbili.

Si lami, si mabati. Lami ya paa jua likiwaka inalainika, mtatoka humo na nguo nyeusi, na siku ukijuta hakuna rangi itakayoshika juu yake. Mabati nayo, kila msumari ni tundu. Maji yatapita nyuma yake, mbao ioze kimya kimya huku nje kunang'aa. Mambo ya kung'aa nje umeshayafanya, na matokeo umeyaona.

Kwangua rangi yote ya sebule. Plaiwudi iliyoachana usiibembeleze, ikate, weka nyingine. Liache tela likauke wiki nzima chini ya turubai lililoinuliwa, upepo upite, maana ukiziba mbao mbichi umeyafungia maji ndani. Anza na kingo na maungio, huko ndiko yanakoingilia. Halafu kitambaa cha faiba na gundi yake, na juu kabisa rangi ya nje, nyeupe, isivute joto. Ila gundi ile haina subira: ukikosea kipimo cha dawa ya kuigandisha, itagandia ndooni au isigande kabisa. Hapo ndipo unapomhitaji shemeji, na unalijua hilo, maana barua yako nzima inamzunguka yeye kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Unaona aibu? Ungeiona ulipokuwa na kipaza sauti. Mficha uchi hazai. Nenda kesho, na hadithi ya lori iache nyumbani. Mwambie, "Shemeji, nilidanganya mbele za watu, nisamehe, njoo unifundishe." Atacheka. Mwache acheke mpaka amalize.

Lakini kabla yake, leo hii, mwambie mkeo kwamba ile haikuwa rangi ya meli. Unadhani hajui? Mjomba, rangi hiyo anaitazama kila siku akinywa chai.

Na kazi ikiisha usimwambie kwamba tela halivuji. Ingia ndani, jifungie, yeye mwachie mpira wa maji, amwagie paa na kingo mpaka mkono umchoke. Kisha fungua mlango, mpishe, alipapase godoro mwenyewe.

Wewe nyamaza.