Kipande cha Sikio la Semeni

Mama,

Mvua zimeanza. Viazi vya shamba la juu vimeota vizuri, na mistari ya Kaka Festo imenyooka kuliko yako, usinune. Baba siku hizi anakunywa chai kavu. Anasema ni tumbo. Mimi najua ni wewe.

Nimekuja nyumbani kwa ajili ya Semeni. Ng'ombe wako amezeeka, maziwa yamekatika, na Kaka alitaka kumpeleka kwa wachinjaji wa Makambako. Akaona anisubiri kwanza, kwa sababu ulimwambia ukiwa kitandani: "Neema atatengeneza mwingine kama yeye. Wanafundishwa hayo."

Ulisikia redioni kwamba mnyama hunakiliwa kwa kipande cha sikio. Basi Semeni alipochanika sikio kwenye seng'enge, ukaokota kile kipande, ukakitundika juu ya moto pamoja na dagaa wa Manda, kisioze. Kaka alinikabidhi juzi, kikavu, kinanuka moshi. Nilicheka mpaka nikalia. Wanaonakili wanataka seli zilizo hai, Mama, na wewe ulizibanika.

Hata zingekuwa hai, ingekuwa kazi. Chuoni kwetu Morogoro hatunakili wanyama, tunajifunza kukomaza mayai ya ng'ombe tu. Lakini nimesoma namna wanavyofanya. Wanachukua yai la ng'ombe mwingine, wanatoa kiini chake, wanaweka kiini cha seli ya yule wanayemtaka. Nilidhani kile kinachotolewa ni makapi. Kumbe yai linapokomaa, kiini chake hupasuka na kumwaga vitu vyake humo ndani ya yai, na hivyo ndivyo vinavyokifundisha kiini kigeni kuanza upya. Kikitolewa kabla hakijamwaga, mimba haifiki popote. Kikitolewa baadaye, angalau kuna nafasi, ingawa nyingi huharibika. Na ndama akizaliwa, atakuwa na kitu cha yule aliyetoa yai. Hatakuwa Semeni mtupu.

Hayo niliyasoma baada ya kukuzika, nikafunga kitabu. Nilikuwa na hasira nawe, kwamba umeondoka mapema. Sasa hasira imepoa. Ulikuwa umeshamwaga ya kwako, nayaona kila ninapofanya kazi huku nasema peke yangu kama wewe.

Jana nilimweleza Kaka yote, tukiwa zizini. Akauliza, "Kwa hiyo hakuna mwingine?" Nikasema hakuna. Niliogopa, maana jibu hilo lilikuwa linamfungulia njia ya Makambako. Alimkuna Semeni shingoni, kisha akasema, "Kama ni huyu huyu tu, basi akae."

Asubuhi Semeni alisimama mlangoni akisubiri "Kamwene" yako, ile salamu uliyokuwa ukimpa yeye kabla ya Baba. Nikamsalimia mimi. Alinitazama kwa mashaka, lakini akala.

Pumzika, Mama. Nimemwambia Kaka anipigie simu Semeni akianza kuchoka, nami nitapanda basi nije nimshike kichwa. Wewe sikukuwahi. Huyu nitamwahi.

Neema