Siku Uliyoondolewa Uwakili

Mpendwa Baba,

Jana tumekusomea khitima ya arubaini. Wageni wameondoka Chole, nyumba imetulia, na sasa naweza kusema nawe jambo tulilokaa nalo miaka mingi bila kulitaja.

Nakukumbuka siku za baraza la kadhi, nikikufukizia kanzu udi kabla hujatoka. Watu walioogopa kusema mbele ya wakubwa walikuja kwako, ukawasemea. Ndivyo alivyokuja Bi Mize, yule mjane. Mumewe alimpa shamba la minazi akiwa hai, lakini alipokufa shemeji mtu akalidai. Shahidi aliyebaki alikuwa mmoja tu, Mzee Kombo, fundi wa vyombo vya baharini, na Bi Mize alikuomba jina lake libaki siri mpaka siku ya kesi.

Ijumaa moja, mkitoka msikitini, yule shemeji alikushika mkono. Mlisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni. Akakutania kwamba Bi Mize hana ushahidi wowote. Ukapandwa na fahari ukamjibu, "Subiri Mzee Kombo asimame, utanyamaza mwenyewe."

Maneno hayo tu. Wiki ile ile shemeji akampatia Mzee Kombo kazi kisiwani Jibondo, na siku ya kesi hakuwepo. Bi Mize akashindwa.

Hakuna aliyejua siri ilivujia wapi. Lakini ulinichukua tukaenda kwa Bi Mize, ukakataa hata kuketi.

"Bi Mize, siri yako imetoka kinywani mwangu."

"Nilikuazima ulimi wangu, Bwana Wakili. Mimi kwa kadhi nitakwenda kukushtaki."

"Nenda. Nami nitakuwepo."

Ulikiri mbele ya baraza zima. Kadhi akaagiza Mzee Kombo aletwe, kesi ikasikilizwa upya, Bi Mize akapata shamba lake. Kisha kadhi akakugeukia wewe. Akakuamuru usisimame tena kumsemea mtu, maisha yako yote. Alikuwa rafiki yako. Ukasema, "Nimesikia, na ni haki."

Mimi nilikungoja nyumbani kwa hasira. "Baba, si ungenyamaza tu!" Nilikuwa nimeposwa, na kabla mwezi haujaandama posa ikavunjwa. Hukunigombeza. Ukaanza kusokota uani kamba za makumbi ya nazi za kuuza, vidole vilivyozoea kalamu vikichubuka. Nilikuletea uji, nikauweka chini, nikaondoka. Hata kukuuliza kama vinauma sikukuuliza. Mume nilimpata baadaye, watoto nikazaa, na bado sikukuuliza.

Bi Mize alikuja matangani, Baba. Alikaa ubavuni kwangu kwenye mkeka mpaka wanawake wengine walipoinuka.

"Nilimshtaki, mwanangu," akasema, "na leo ningemshtaki tena. Lakini watu wakiniuliza nani aliniokolea shamba, simtaji kadhi."

Nililia pale kuliko nilivyolia siku ya mazishi.

Nataka radhi yako, Baba. Najua nimechelewa kuiomba. Wajukuu zako wanauliza babu alikuwa nani. Nawaambia alikuwa wakili, akaondolewa, na sababu yake nawaambia. Shangazi ananikonyeza ninyamaze. Sinyamazi. Nikiwaficha kosa lako, watakujuaje?

Mola akupanulie kaburi lako na akutilie nuru.

Ni mimi,
Bintiyo