Alhamisi Koti Linabaki kwa Msumari

Kitale, Alhamisi. Mvua imeanza kabla hatujala chakula cha mchana, na inapiga mabati hadi redio ya jirani haisikiki.

Shule imefunga midterm, niko nyumbani, na siwezi kutulia. Nimefua soksi ambazo zilikuwa safi. Nimefungua simu, nimeifunga, nimeifungua tena. Kidoti cha bluu kiko palepale, kwa Kuka, Bungoma, hakisongi hata kidogo.

Shida ni kwamba Kuka mwenyewe hayuko hapo. Hapo kuna koti lake tu. Yeye yuko nje kwa hii mvua bila koti, na sababu ni mimi.

Wacha nieleze. Majina nimebadilisha yote. Kuka nilimuuliza kama naweza kuandika, akasema andika, bora usitaje kijiji, na useme mimi ni kijana mzuri.

Kuka ni babu yangu, baba ya mama. Tangu Kukhu, nyanya yangu, atuache anaishi kwa nyumba yake, boma moja na Mjomba Wekesa. Mwaka huu alipotea. Alitoka kwenda kununua chumvi, akapatikana Kimilili ameketi nje ya bucha, anangoja watu ambao walishakufa kitambo. Mama alilia siku hiyo. Mjomba hakulia. Alienda mjini akanunua kile kifaa ambacho wenye pikipiki huficha chini ya kiti, ili ikiibiwa waione kwa simu. Ni kadogo, kama kiberiti. Mama akachukua koti la Kuka, lile zito la kijivu ambalo havui hata jua likiwaka, akasema anashona bitana. Akakishonea ndani. Chaji ikiisha, anasema koti linataka kufuliwa.

Kuka hakuulizwa.

Si ati hawampendi. Kwetu mtoto hawezi kumkalisha babake amwambie, baba, siku hizi unasahau. Mama akiongea na Kuka anaangalia nyasi. Mjomba ana kelele kila mahali, lakini mbele ya Kuka sauti yake inakuwa ya mtoto wa kwaya. Walimheshimu sana hadi wakashindwa kumuuliza, ndio wakamshonea.

Anayeruhusiwa ni mimi. Mjukuu na babu hutaniana. Ananiita mke wake, namwambia siwezi kuolewa na mzee ambaye meno yake yalihama, anacheka mpaka anakohoa. Mimi ambaye darasani nikiulizwa swali, Kiingereza na Kiswahili vyote vinanitoroka pamoja, kwa Kuka mdomo haufungi. Kama kuna mtu angemuuliza, ni mimi.

Lakini nilipewa kazi nyingine. "Wewe ndio unajua mambo ya simu," mama alisema. "Utakuwa unamwangalia." Kila jioni akitoka dukani anauliza, "Kuka yuko?" Namjibu, "Yuko."

Niseme ukweli. Mwanzoni nilipenda. Nilimfuata Kuka akienda kanisani, posho mill kusaga unga, kwa fundi wa viatu, nikajiona mtu wa maana. Kisha nikaanza kuona Alhamisi. Kila Alhamisi kidoti kinavuka mto na kukaa kwa boma moja mpaka jioni. Hilo boma nalijua. Ni la Mzee Simiyu. Mjomba na vijana wa Mzee Simiyu wanagombania mpaka wa shamba tangu nikiwa mdogo. Hawasalimiani hata kwa mazishi.

Alhamisi niliyolitambua hilo boma, mama aliniuliza, nikasema Kuka yuko kanisani.

Ningeendelea hivyo, nadhani. Halafu wiki iliyopita mama, akikata sukuma wiki, akaniuliza tu, "Na wewe leo ulikuwa unafanya nini nyuma ya maktaba?"

Sikuwa nafanya kitu. Nilikuwa nimeketi peke yangu kwa ngazi, kwa sababu wasichana wa darasa letu walikuwa ndani na sikutaka kupita mbele yao. Hata hakukuwa na siri. Lakini nilihisi kama mtu amefungua mlango wa bafu nikiwa ndani. Kumbe simu yangu iliwekwa na aliyeiuza imwonyeshe mama mahali niko, kabla sijapewa. Mama hakukasirika, hakuficha, aliendelea kukata mboga. Kwake lilikuwa jambo la kawaida.

Usiku mzima niliwaza Kuka.

Jumapili tulienda Bungoma. Mama akiwa kwa Mjomba, nilimkuta Kuka nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi. Nikachukua gunzi, nikaketi.

"Mume wangu, kwa koti yako kuna kitu."

"Chawa?"

"Hapana. Kitu kinaniambia mahali uko."

Vidole vyake vilisimama. Akapapasa bitana, akakipata haraka kuliko nilivyotarajia. "Na nilijua mama yako hajui kushona," akasema. "Nilidhani ni uzi umejikunja." Akakigusa tena kwa juu ya kitambaa. "Unaona kila siku?"

"Kila siku."

"Hata Alhamisi?"

"Hata Alhamisi. Nilisema uko kanisani."

"Kanisani!" Alicheka, lakini kicheko kiliisha mapema. Kuku walikuja wakala mahindi yetu, na hakuna aliyewafukuza.

Akaniambia mwenyewe. Yeye na Mzee Simiyu walitahiriwa msimu mmoja, walisimama asubuhi moja. Mambo ya mpaka ni ya watoto. Sasa Simiyu hatoki kitandani na mikono yake inatetemeka, kwa hivyo Alhamisi, siku ya soko, vijana wakitoka, Kuka huenda kumnyoa ndevu. "Mtoto wake akimnyoa, anaona aibu, machozi yanamtoka," alisema. "Mimi ananitukana tu. Ati nina mkono wa kuchuna ng'ombe."

Kisha akaniuliza swali ambalo sijalijibu hadi sasa.

"Mbona hawakuniuliza?"

Nilipukuchua hindi ambalo lilikuwa limeisha punje.

"Siku ya kwanza ningekataa," akasema. "Ya pili ningekubali. Pale Kimilili nilijiona, mke wangu. Nyinyi mlifikiri sikujiona?"

Nililia, na yeye akajifanya anaangalia kuku. Halafu akatoa hukumu yake. Koti atavaa. Kitu kibaki ndani. Lakini Alhamisi koti litakaa kwa msumari. "Alhamisi hauhitaji simu. Unajua niko wapi kwa sababu nimekuambia."

Nikakubali. Jumapili kulikuwa na jua, bana.

Leo ndio Alhamisi ya kwanza. Mvua haijapumua. Ile njia ya mtoni inateleza, daraja ni mbao tu. Nimepiga simu yake, ile ndogo ya tochi, mulika mwizi, inalia tu. Je, kama ametoka na akili imemhama katikati ya njia? Nikimwambia mama, atampigia Mjomba, na Mjomba atavuka mto na hasira zake zote, na ndevu za Mzee Simiyu zikiwa nusu. Nikinyamaza na Kuka awe ameanguka, nitaishi aje?

Mama ametoka dukani mapema kwa sababu ya mvua, ameingia sasa hivi, anakung'uta mwavuli. "Kuka yuko?"

Neno "yuko" limekataa kutoka. "Koti iko nyumbani," nimesema.

"Si basi yuko nyumbani." Ameenda kuweka chai.

Nimepima hili na lile mpaka nikachoka. Nitamwambia. Bora Mjomba apige kelele kuliko Kuka awe mtoni. Nimesimama.

Simu ikalia.

"Mke wangu. Unanipigia mara ngapi, kwani una wivu?"

"Uko wapi?"

"Mvua imenirudisha kutoka mtoni. Sasa nimevaa koti, natoka tena. Angalia."

Nimeangalia. Kidoti kimetoka kwa msumari. Kimeteremka polepole, kimesimama mtoni hadi nikashika mdomo, kimevuka.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Umeona nimefika. Sasa zima hiyo kitu. Unachungulia watu wakinyolewa?"

Nimezima. Sijui kama alichukua koti kwa sababu ya baridi au kwa sababu yangu, na sikumuuliza.

Lakini nimejua kitu kimoja: siwezi kubeba hii peke yangu tena. Leo angeteleza mtoni, na mimi niko Kitale nafua soksi safi. Mama lazima ajue kwamba Kuka anajua, na kwamba aliuliza mbona hakuulizwa. Ya Alhamisi Kuka atasema mwenyewe, nimemwachia. Na yangu pia nitaitaja, ile ya maktaba, kama sauti itatoka. Mama anaweza kukasirika. Anaweza kuangalia nyasi, na jikoni hakuna nyasi.

Chai imechemka, nasikia kijiko. Simu naiacha hapa kitandani. Mama akitaka kujua niko wapi, niko jikoni, mbele yake.